Maji Mafu, Hakuna Pweza

Fundi bomba alisema atachimba asubuhi na kufukia jioni. Kuchimba alichimba kweli. Bomba la chini ya karo lilikuwa limeoza mpaka ndani ya msingi, kwa hiyo sakafu ya jikoni ikavunjwa, makabati yakatolewa uani na kufunikwa turubai, maji yakafungwa, na jiko letu la gesi, lile la kupachika juu ya kabati, likakosa pa kukaa. Jioni ile fundi alinawa kwa maji ya ndoo, akasema kuna kiungio kimoja hakipatikani Kigamboni, akaenda zake. Begi la vifaa alituachia mlangoni liwe rehani.

Siku nyingine tungewasha jiko la mkaa barazani, mambo yakaenda. Lakini mama mkwe wangu alikuwa ametoka Kigombe, kijiji cha pwani kati ya Tanga na Pangani, kuja kuondolewa mtoto wa jicho, na daktari aliyempasua alimkataza mambo matatu: kuinama, kunyanyua mzigo na moshi. Mtungi mdogo wa gesi tulioazima kwa jirani ulitosha chai na uji. Chakula cha watu saba haukukiweza. Nje masika yalikuwa yakiaga kwa manyunyu na kusi ikianza kuvuma.

"Basi tutakula nje mpaka fundi amalize," akasema Baba Watoto.

Bibi, kama watoto wanavyomwita nami nitakavyomwita humu, alikuwa amekaa kwenye kochi na miwani yake myeusi. Akaitikia kwa kichwa. "Kula nje sina neno nako, mwanangu. Ila mimi sili kitu ambacho aliyekipika hajui kimetoka wapi."

Asije mtu akadhani ni mteuzi. Nimemwona akila muhogo wa kuchemsha kwa chumvi na kumshukuru Mungu kwa sauti. Ila aliolewa na mvuvi, akauza samaki kwa mikono yake, na aliishi miaka ile ambayo mlio wa baruti ulikuwa ukisikika baharini Tanga asubuhi kama kawaida. Aliona changu wakipungua, marehemu baba mkwe akienda mbali zaidi kila mwaka na kurudi na kidogo zaidi. Mwaka 2009 pwani ileile, kuanzia kaskazini ya mto Pangani hadi kupita jiji la Tanga, ilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari kwa ajili ya silikanti, samaki wa kale ambaye wataalamu walidhani ametoweka duniani mpaka mmoja aliponaswa Afrika Kusini mwaka 1938. Bibi hakuhitaji silikanti ili ajue bahari inaumia. Yeye alijulia kwenye sufuria.

Tulianzia mjini, ng'ambo ya maji. Tulivuka kwa pantoni tukaingia mgahawa ambao rafiki wa Baba Watoto aliusifu sana: ukutani nyungo na vibuyu, viti vya kamba, na kwenye kibao maneno makubwa kwamba hapa ni chakula cha asili cha Mtanzania. Menyu ilikuwa ndefu. Changu, pweza, kamba, ngisi, dagaa wabichi, kuku wa kienyeji, kisamvu, mlenda, vyote vipo, kila siku, mchana na usiku.

"Mwanangu," Bibi akamwuliza mhudumu kwa upole, "pweza huyu ni wa leo?"

"Ndiyo, bibi. Freshi kabisa. Hawakosekani hapa."

"Hawakosekani hata maji mafu?"

Kijana wa watu akamtazama Baba Watoto kuomba msaada. Baba Watoto naye, mzaliwa wa pwani aliyekulia ofisini, akatazama menyu. Bibi akaagiza changu.

Alikuja changu mzuri wa kupendeza macho, wa kuchoma, amepakwa ukwaju, ndimu pembeni. Bibi akavua miwani, akamgeuza yule samaki ubavu, akaingiza kidole gumba nyuma ya kichwa na kumfungua mpaka mkiani. Jicho lililopasuliwa bado lilikuwa na kitambaa. Alitazama kwa lile jingine. Uti wa mgongo ulikuwa umekatika katikati, ncha mbili zimeachana, na kandokando ya mfupa kulikuwa na damu iliyovilia, nyeusi, iliyoivia ndani ya nyama. Nyama yenyewe ilisambaratika kabla haijavutwa. Akanionyesha kwa ncha ya kidole, taratibu, kama anavyomwonyesha mtoto herufi.

"Mshipi hauvunji uti," akasema. "Wavu hauvunji uti. Dema halivunji uti."

Inavyofanya kazi baruti ni hivi: mlipuko hupasua mfuko wa hewa ulio ndani ya samaki, hupasua matumbo na mara nyingi huvunja uti. Wengi wa wanaokufa huzama, wala mvuvi hawapati. Matumbawe yaliyokuwa nyumba yao na ya watoto wao hubaki kifusi, na kifusi hicho huchukua miaka mingi kuota tena, pengine kisiote kabisa. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza jambo hili waziwazi, na doria za miaka ya karibuni zimepunguza milipuko sana kwenye pwani yetu. Samaki mmoja mezani hawezi kueleza alivuliwa lini na nani. Lakini kwa macho ya Bibi ushahidi ulikuwa umelala kwenye sahani.

Meneja aliitwa. Alikuja mtu mwungwana, akasikiliza bila kukasirika, na alichojibu kilinisikitisha kuliko kama angebisha. Hakujua. Samaki wanaletwa na bodaboda, bodaboda anachukua kwa mtu, mtu yule ananunua mnadani. Aliomba radhi, akaondoa changu kwenye bili. Watoto wakala wali na maharage, Bibi akanywa chai kavu, tukavuka maji kurudi nyumbani huku Baba Watoto hasemi neno.

Usiku ule akaja na shauri lake. Kama migahawa haijui inakonunua, tununue sisi wenyewe. Atatafuta kuku wa kienyeji aliye hai, wa kutoka Singida, halafu tutampeleka kwa wapishi wanaopika kwa malipo. Wazo halikuwa baya. Matenga ya kuku kutoka Singida na Dodoma hushushwa Dar es Salaam kila siku, na kuku aliyezunguka kuokota mwenyewe nyikoni ni chakula cha heshima.

Alimpata, mwekundu, mzito, miguu imefungwa kwa kamba ya katani. Muuzaji alikula kiapo kwamba ni wa Singida. Mambo yaliharibika kwenye pantoni. Katikati ya maji, honi ilipopigwa, kuku alijikukurusha kamba ikafunguka, akaruka juu ya bajaji, kutoka hapo kwenye mkungu wa ndizi aliobeba mama mmoja, kisha chini, katikati ya miguu ya watu mia na kitu waliosimama wamebanana. Watu walipiga kelele, wengine wakicheka, wengine wakiokoa mizigo yao. Baba Watoto, na shati lake jeupe la kazini, alipiga magoti akawa anapita kati ya baiskeli na kuwaomba watu radhi mmoja mmoja. Mwanafunzi mmoja ndiye aliyemwokoa: alivua sweta la shule, akamtupia kuku, akamkabidhi amevikwa. Alikataa katakata kulipwa. Kama anasoma haya, ajue kwamba familia yetu inamwombea mitihani yake.

Bibi alimpokea kuku barazani, akampima uzito kwa mkono, akapapasa miguu na kifua. "Huyu ana damu ya kigeni," akasema. Alikuwa chotara, katika zile mbegu zilizosambazwa nchini zinazokua haraka kuliko kuku wetu na kutaga zaidi. Wala Bibi hakumdharau. Kuku wa kienyeji halisi huchukua karibu nusu mwaka kufikia kuchinjwa, wakati broila hutoka bandani kwa wiki tano au sita. Chotara yuko katikati, na familia nyingi vijijini zimepata mayai na ada za shule kwa sababu yake. Kilichomuudhi ni kiapo cha muuzaji. "Angesema chotara, tungemla kwa jina lake."

Kuku wenyewe wa kienyeji hawana maisha mepesi. Adui yao mkubwa ni kideri, ambacho kikiingia kijijini hufagia mabanda yote, na kinga ipo, ni tone moja tu la chanjo kwenye jicho kila baada ya miezi michache. Kitinda mimba wetu alipolisikia hilo alimtazama Bibi, ambaye saa hiyohiyo nilikuwa namdondoshea dawa yake ya jicho, akauliza kama na yeye anachanjwa kideri. Bibi alicheka mpaka tone likamwagikia shavuni, nikaanza upya.

Kuku hakuchinjwa. Asubuhi yake fundi alirejea na kile kiungio, akafungua begi lake na kukuta yai, la moto, limelala kati ya koleo na mipira ya bomba. Watoto walishangilia. Baba Watoto akasema kuku anayetaga siku ya kwanza ugenini amejiombea hifadhi. Fundi naye aligundua kiungio ni cha kipimo kingine, akaondoka tena.

Hapo binti yetu wa kwanza, anayesomea mambo ya mazingira chuoni, akaishika kazi. Yeye ana mpangilio. Alitueleza kuhusu Kilimohai, nembo ya mazao ya kilimo hai ya Afrika Mashariki, iliyotokana na viwango ambavyo nchi za jumuiya zilikubaliana mwaka 2007, akaanza kupiga simu mgahawa mmoja baada ya mwingine kuuliza kama wananunua mboga zenye nembo hiyo. Wengi walidhani anauliza bei ya ukumbi. Mmoja tu alijibu ndiyo, wanauza chakula cha hapahapa mjini na mboga zinalimwa hatua chache kutoka jikoni kwao. Tulikwenda.

Ukaribu ule ndio uliotutia mashaka. Mchicha ulikuwa wa bondeni, kwenye bonde la mto Msimbazi, na mto ule hupokea maji machafu ya viwanda na ya makazi kabla ya kufika baharini. Binti alieleza kwamba utafiti uliofanywa kwa nyakati mbalimbali umekuta madini mazito kwenye udongo na mboga za kando ya mto huo. Wakulima wale siwalaumu hata kidogo. Wanalisha jiji kwa jembe na ndoo kwenye ardhi ambayo wengine wameichafua. Lakini siku ile nilielewa kwamba kuuliza umbali peke yake hakutoshi. Inabidi umuulize mtu mboga yake ilinyweshwa maji gani.

Pale mezani baba na binti wakaingia kwenye mjadala wa chapati. Baba Watoto alitaka chapati, akasema hakuna chakula cha nyumbani kama chapati. Binti akamkumbusha kwamba sehemu kubwa ya ngano tunayokula Tanzania inakuja kwa meli, na kwamba mafuta mengi ya kupikia nayo huagizwa nje, wakati alizeti ya Singida ipo. Baba Watoto akauliza kama sasa anatakiwa kula chapati kwa kujificha. Sauti zilipanda, meza ya jirani ikageuka. Bibi aliwakatiza.

"Chapati ni tamu, mwacheni ale. Ila mkitaka kitafunwa cha hapa, kuna vitumbua vya mchele, mkate wa kumimina, muhogo, magimbi, ndizi. Mbona vyote hivyo havimo kwenye menyu?"

Kweli havikuwamo. Nilirudia kuisoma menyu ile kwenye mwanga wa simu na moyo ukanidunda. Tumeukubali ugeni kwenye sahani zetu mpaka muhogo umeondoka mezani na kubaki kando ya barabara, na hili linaniuma, kwa sababu mwenye shamba la muhogo Kisarawe au Mkuranga yuko karibu nasi kuliko bandari yoyote ya ng'ambo, na mvua ikichelewa muhogo wake bado utasimama.

Ufumbuzi ulitoka kwa mtu ambaye hatukumtarajia. Kijana wetu wa pili, wa kidato cha tatu, tangu jikoni kuvunjwe alikuwa hali na sisi. Anachelewa mpirani, anarudi ameshiba, anasema amekula mkate. Siku moja dada yake alifua suruali yake, akakuta mfukoni kipande cha karatasi chenye jina lake na orodha: wali dagaa, wali kisamvu, muhogo, wali dagaa, na chini jumla ya deni. Baraza likaitwa.

"Ni kwa mama mmoja dikoni, huku huku kwetu," akasema akitazama miguu yake. "Wachezaji wote tunakula pale. Sikusema kwa sababu mngesema hakuna viti."

Viti ni kweli havikuwapo. Kulikuwa na mabenchi mawili chini ya mkungu, paa la makuti, ndoo ya maji yenye koki na kipande cha sabuni kilichofungwa kwa uzi, na mbele yake mashua zimepandishwa mchangani. Tulifika saa sita na nusu mchana. Bibi kabla ya kuketi alisimama, akasikiliza upepo unatoka wapi, akachagua benchi la upande ambao moshi haufiki.

"Shikamoo, bibi," akasema mama lishe, mikono yake nyeupe kwa tui.

"Marahaba, mwanangu. Pweza yupo?"

"Hakuna pweza leo, bibi. Maji mafu. Subiri bamvua, wiki ijayo mwezi ukiandama. Dagaa wapo, wa jana usiku, giza lilikuwa zuri."

Bibi akavua miwani, akaketi. "Lete dagaa," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze kuhangaika sikusikia swali jingine.

Nataka msomaji asiye wa pwani aelewe jibu lile lilibeba nini. Pweza wa kwenye miamba huvuliwa zaidi kwa miguu, na wanawake ni wengi katika kazi hiyo, wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yakikupwa mbali na kuacha mwamba wazi. Katikati ya vipindi hivyo ni maji mafu, bahari haishuki sana, na mwenye kutembea hampati. Dagaa wao hutaka giza, kwa sababu wavuvi huwavuta kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haifui dafu na wavuvi wengi hubaki nchi kavu. Kwa hiyo mgahawa unaokuwekea pweza na dagaa wabichi kila siku ya mwezi ama una friza kubwa ama haukuambii kitu. Yule mama hakuwa na menyu. Alikuwa na mwezi.

Ndipo nilipojua tulichokuwa tunatafuta siku zote zile. Tulikuwa tunasoma vibao vinavyotangaza kilichopo, na tulihitaji mtu mwenye ujasiri wa kusema leo hakuna. Anayesema hakuna anaijua bahari yake na shamba lake, tena yuko tayari kupoteza mteja kuliko kumdanganya. Tangu siku ile ndilo swali langu la kwanza popote ninapoketi kula: leo mmekosa nini?

Dagaa walikuja wamekaangwa wakavu, wanalia mdomoni, na wali wa nazi, kisamvu kilichotwangwa kikapikwa mpaka kimelainika, na pilipili ya kukatia. Nilikwenda kusimama jikoni kwake nione. Mama yule alikuwa na mtungi wa gesi kwa wali na chai, na pembeni mafiga matatu yaliyowashwa kwa makumbi na vifuu vya nazi zilezile alizokuna asubuhi. Mkaa hanunui, alisema, ni ghali na unamaliza miti. Serikali imeweka lengo la kuwafikisha Watanzania asilimia 80 kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034; yeye alishafika nusu ya njia bila kungoja, ingawa moshi wa makumbi bado unamkereketa kifua, na hilo halipaswi kupuuzwa tunapomsifu.

Kila kitu alikuwa na jibu lake. Nazi zinatoka Mafia kwa jahazi. Matembele na mchicha ni vya dada yake Kibada, vinanyweshwa maji ya kisima. Muhogo wa Kimbiji. Mchele wa Mbeya, "huo nanunua dukani, bibi, nimeambiwa ni wa Mbeya, mimi sijaufuata." Bibi alilipenda jibu hili la mwisho kuliko yote. Friji hana, kwa hiyo hupika kinachoisha. Saa nane sufuria zimeinamishwa, na ukoko unakwenda kwa kuku.

Kinachomsumbua ni mtaji. Wavuvi wengi wadogo hukopeshwa petroli na nyavu na tajiri au dalali, na aliyekopeshwa hana uhuru wa samaki wake. Akifika pwani anampa mkopeshaji kwa bei ya mkopeshaji. Mama lishe mwenye fedha ya mkononi tu hubaki na masalio. Yeye amejinasua kidogo kwa kuwalipa wavuvi wawili nusu ya fedha tangu jioni kabla hawajatoka. Inapotokea wateja wanaokula kwa deni hawajalipa, mnyororo wote unakatika. Hapo macho yetu sote yalimgeukia kijana wa kidato cha tatu. Baba Watoto alilipa deni lile palepale, kisha akalipa na wiki nzima ya mbele ya watu saba, na binti akaandika kwenye daftari la mama yule kwa kalamu ya wino.

Bamvua ilipofika tulimla pweza. Bibi aliuliza alikovuliwa, wakaingia kwenye mazungumzo marefu ya wanawake wa mwambani. Songosongo huko Kilwa, na Kisiwa Panza kule Pemba, wanakijiji hufunga sehemu za miamba kwa muda, kawaida miezi mitatu hivi, kisha hufungua kwa siku moja wote pamoja. Utaratibu huo ulijulikana zaidi kuanzia Andavadoaka, Madagaska, mwaka 2004. Pweza anaufaa kwa sababu hukua upesi mno na umri wake ni mfupi, mwaka na ushei tu. Jike hutaga mara moja, hulinda mayai yake bila kula, yakianguliwa hufa. Ukimwacha miezi michache unampata mkubwa mara kadhaa, na wengine wanapata muda wa kuacha watoto. Bibi alisema Kigombe wangeweza. Mama lishe akasema tatizo ni wageni wanaokuja kuvua usiku kwenye mwamba uliofungwa. Wakakubaliana kwamba ulinzi ndio kazi, kufunga ni rahisi.

Fundi alimaliza hatimaye. Vigae vikapangwa, maji yakafunguliwa, jiko likapachikwa. Hata hivyo Jumamosi hakuna aliyependekeza kupika badala ya kwenda dikoni.

Na Bibi, badala ya kufungasha, alianza biashara. Dagaa wa dikoni hukatika mbalamwezi inapokuwa kali, na mama lishe hununua wakavu sokoni wasiojulikana wanakotoka. Bibi akampigia simu mpwa wake Kigombe, akaagiza gunia. Lilishushwa stendi ya Magufuli, Mbezi, Baba Watoto akalivusha, safari hii kwa gari na kwa kuzunguka darajani. Mama lishe akamwaga dagaa kwenye ungo, akapepeta mara tatu, akamwonyesha Bibi kilichobaki chini: mchanga, vikombe kadhaa.

Bibi aliweka simu kwenye spika. "Wewe! Unaanika chini?"

"Shangazi, kila mtu anaanika mchangani."

"Mimi sinunui mchanga, wala huyu mama hapiki mchanga. Jenga chanja, tandaza wavu chakavu juu, upepo upite chini. Ukifanya hivyo wanakauka upesi hata siku za mawingu."

Kijana alilalamika bei ya miti. Mama lishe akaingilia, akasema dagaa wa chanja yuko tayari kuongeza kitu kwa kila kilo, lakini wa mchangani atakata uzito wa mchanga. Walivutana mpaka salio la simu likaisha, wakapigiana tena. Gunia la pili lilipokuja, mchanga wa chini ya ungo haukujaza kijiko, na mpwa alitaka kujua kama kuna mgahawa mwingine Dar es Salaam unaohitaji.